Mjane wa Kisimani

Golbanti,
9 Februari 2025

Josiah mdogo wangu,

Usishtuke kuona bahasha, hakuna aliyekufa. Simu tunayotumia hapa ni ya Cynthia, na ukitaka kusikika lazima upande juu ya tuta la mto upige kelele mpaka wavuvi wa ng'ambo wajue habari zako. Haya ninayotaka kukwambia si ya kupigia kelele. Jarso wa duka anakwenda Garsen kuchukua bidhaa, nimempa hii aitie kwenye basi la Nairobi.

Mimi mzima. Mpunga umeanza kutoa na ndege ni wengi ajabu, nashinda shambani kuwaamia mpaka sauti imekauka. Nikirudi nyumbani hakuna wa kuongea naye. Binti yangu Cynthia siku za wiki yuko Tarasaa akifundisha watoto wake wa chekechea.

Sasa sikia kioja. Wiki iliyopita walikuja vijana wawili wa mradi wenu wa Biblia ya Kipokomo. Wakasema wanatafuta mtu asiyekwenda kanisani, wamsomee kisa, halafu asimulie alivyosikia kwa maneno yake mwenyewe. Majirani wote wakanyoosha kidole kwangu. Nikawaambia kaeni, mmefika penyewe.

Wakasoma habari za yule mwanamke wa kisimani. Josiah, huyo mimi namjua kwa Kiswahili tangu utotoni, na nimemjua kama malaya kabla hajafungua mdomo. Yule mchungaji wa zamani alimhubiri yeye Jumapili niliyotengwa na kanisa. Lakini kwa Kipokomo nilisikia kitu kingine kabisa. Nilimsikia mjane. Mume amekufa, amepewa ndugu, naye amekufa, amepewa mwingine, hivyo hivyo mpaka amezika watano. Huyu wa mwisho anakaa naye ndani lakini anaona haya kusema mbele za watu kwamba ni mkewe. Basi anakwenda kuteka maji mchana wa jua kali, kwa sababu amechoka kutazamwa. Mgeni anamwambia, nayajua yako yote. Wala hamfokei! Ndipo anapokimbia kuwaita watu. Nikawasimulia hivyo, yule msichana akaandika huku anapangusa macho. Alisema ni vumbi.

Nimekupa kisa hiki kwa sababu kinanihusu. Cynthia anaolewa Agosti. Furaha tupu, ila Mchungaji Nzai alikuja hapa akaniambia kwa upole kwamba mama aliyetengwa hawezi kusimama mbele kumtoa binti.

Ulikuwa shule ya bweni wakati mto ulipomchukua mume wangu Buya, mengi uliyasikia kwa watu. Baada ya matanga wazee walikaa wakaniuliza kama nitabaki katika nyumba ile na Jasper, ndugu wa marehemu. Sikulazimishwa. Jasper alikuwa kijana mpole, hajaoa, na mimi sikuwa na mtoto. Nikakubali, na kijiji kizima kikala wali wetu. Cynthia akazaliwa. Halafu kanisa likasema huo ni uasherati, likatutenga wote wawili. Jasper alivumilia weee, mwisho akachoka. Akasimama akatubu, akaniacha, akaoa kwa pete. Leo ni mzee wa kanisa. Mimi nilisema sina la kutubu, sikumwibia mtu mume. Nikabaki nje.

Sasa mchungaji anasema mlango uko wazi. Nisimame Jumapili moja kabla ya harusi, niseme nilikaa katika uasherati, na kwamba Cynthia nilimzaa katika dhambi. Hilo la mwisho limenikaa kooni. Mimi wanitukane watakavyo, nimezoea. Mtoto wangu nimwite hivyo mbele ya wakwe zake?

Nataka kusimama karibu naye siku hiyo, Josiah. Mwaka huu sina haja nyingine.

Dada yako,
Teresia

---

Nairobi,
2 Machi 2025

Dada Teresia,

Barua yako imefika ikinuka mafuta ya taa ya dukani kwa Jarso. Sikuianika ikate harufu. Nimeiweka mezani, na chumba kizima sasa kinanuka kama nyumbani.

Nilikuwa nimekusoma hata kabla ya barua. Vijana hutuletea majibu bila majina, wameandika tu "mwanamke, mkulima, Golbanti." Nilipofika pale mwanamke anapomwambia Yesu, "Karibu kwanza kivulini, maji hayakimbii," nikacheka peke yangu ofisini. Nani mwingine angemkaribisha Bwana hivyo? Wenzangu wakanitazama. Hawajui Kipokomo hata mmoja, wao wana lugha zao. Kipokomo changu naongea na kompyuta, nayo hainijibu.

Baada ya kucheka nilirudi kwenye maandiko nikayasoma kama mtu asiyeyajua. Dada, hakuna mahali katika kisa kile anapoitwa malaya. Haambiwi atubu. Anaambiwa amekuwa na waume watano na huyu wa sasa si mumewe, basi, mazungumzo yanaendelea na mambo ya ibada. Mengine yote tumeyaweka sisi. Na mahali tunapoyaweka ni kwenye kichwa cha habari, yale maneno meusi yanayotangulia kila kisa. Mwandishi wa kwanza hakuyaandika. Ni watafsiri wanaoyaongeza ili msomaji apate njia, na msomaji anapoyaona anadhani yameteremka pamoja na mengine.

Kichwa chetu mpaka sasa kinasema tu kwamba Yesu anaongea na mwanamke wa Samaria. Mwezi wa tano kamati ya makanisa itakaa Garsen kupitisha kazi yote. Kikipita hivyo, nitakuja mwenyewe Golbanti nikae na Mchungaji Nzai, nimsomee kwa Kipokomo chetu. Ni mtu msikivu. Huenda akaona kwamba kuna wajane, na kuna waasherati, na si kitu kimoja.

Usitubu kwanza. Ningoje.

Mdogo wako,
Josiah

---

Golbanti,
6 Aprili 2025

Josiah wangu,

Nimesoma barua yako mpaka imepasuka kwenye mikunjo. Kumbe maneno meusi ni ya watu! Na mimi miaka yote hii nayaogopa.

Nilimwambia Cynthia kwamba mjomba wake anakuja kuongea na mchungaji. Akasema, "Mama, si useme tu yaishe?" Watoto wa siku hizi wana haraka. Hajui anachoniomba, na mimi sitaki ajue. Nimemlinda na neno lile la uasherati tangu yuko mgongoni. Hapa kwangu halijawahi kutamkwa hata siku moja, na aliyelileta mlangoni nilimfukuza kwa ufagio.

Sasa nina ombi moja. Kwa Kiswahili nimeshaitwa hivyo, imepita. Kiswahili ni cha sokoni, cha chifu, cha redio, mtu akinitukana kwa Kiswahili naweza kujifanya sijasikia nikaenda zangu. Kwa Kipokomo Mama alitubembeleza. Kwa Kipokomo nilimlilia Buya, na Cynthia alipougua surua nilimwimbia kwacho usiku kucha. Hakuna aliyewahi kunihukumu kutoka kitabuni kwa lugha yetu, kwa sababu kitabu hakikuwepo. Usikubali waliandike neno hilo kwenye maneno meusi, mdogo wangu. Wakiliandika hapo sina tena pa kuingia.

Mto umejaa. Viboko wamepita kwenye mpunga wa jirani, wangu wameuacha. Nakungoja mwezi wa tano. Nimemtenga jogoo.

Teresia

---

Nairobi,
1 Juni 2025

Dada,

Samahani kwa kimya. Mwezi wa tano ulikuwa na kazi nyingi sana. Barabara za huko nazo unazijua zilivyokuwa baada ya mvua, sikuweza kufika.

Mambo ya kamati yanaendelea. Bado kuna majadiliano hapa na pale, haya mambo huchukua muda. Usiwe na wasiwasi.

Nimempatia Cynthia leso za harusi, zitakuja na basi la Ijumaa. Moja ni yako, ya rangi ya kunde.

Wako,
Josiah

---

Golbanti,
15 Juni 2025

Josiah,

Leso zimefika. Ni nzuri. Yangu sijaifungua.

Ulikuwa Garsen. Ulilala Garsen siku zote za mkutano, ukala samaki wa Garsen, na kutoka hapo mpaka kwangu mtu hutoka asubuhi akarudi kabla ya jua kuzama. Jarso anakuja na kurudi na magunia yake ya sukari, wewe huna hata gunia. Barabara! Aibu gani hii, uniambie mimi habari za barabara?

Aliyeniambia ni Jasper. Alikuja jana akasimama nje ya ua. Tangu aoe hajavuka ua ule, hata Cynthia alipokuwa akiumwa aliulizia hapo hapo. Yeye ni mjumbe wa kamati yenu. Akasema, "Teresia, nimeona bora usikie kwangu." Akaniambia kichwa kimebadilishwa. Kitasema Yesu na mwanamke mwasherati. Kwa Kipokomo. Akalitamka neno lenyewe pale pale nje ya ua wangu, pole pole, kama mtu anayetoa mwiba.

Nikamwuliza nani aliyetaka. Akasema, "Ni wewe, Teresia." Kwamba kamati ilisomewa majibu yangu, wakaogopa. Wakasema, mnaona? Bila kichwa cha kuwaongoza, watu wanamsikia mjane. Wanasikia hana kosa. Basi wakaweka neno ili mwingine asisikie kama nilivyosikia mimi.

Ni kweli? Mimi niliyekaribisha wale vijana, nikawapa uji, nikafungua moyo wangu, ndimi niliyelileta neno lile katika lugha yetu?

Na wewe ulikuwa umekaa pale unasikiliza. Halafu ukaninunulia leso.

Jogoo nimemchinja nikamla peke yangu.

Teresia

---

Nairobi,
29 Juni 2025

Dada yangu,

Ni kweli, yote. Nilikuwa Garsen na barabara haikuwa na neno. Niliona haya tu. Siku ya mwisho nilitoka nikasimama stendi, gari la kuelekea kwako likaja likajaa likaondoka, nikapanda la Nairobi.

Ndiyo kazi yetu ilivyo. Tunamsomea msikilizaji, anasimulia, na akisimulia tofauti na makanisa yanavyofundisha tunaandika kwamba hakuelewa, kisha tunarekebisha. Nimefanya hivyo miaka mingi na sikuwahi kuona ubaya. Mara hii aliyeandikwa hakuelewa ni dada yangu, nami najua ulielewa. Niliwaambia hivyo. Niliwaambia tena. Mshauri wetu wa tafsiri akasema vichwa vya habari si Maandiko, kwa hiyo makanisa yana haki ya kuchagua. Mkono wangu ulibaki juu peke yake. Kisha ikabidi mtafsiri atie sahihi, maana bila sahihi kitabu kizima kinasimama, na watu wamekisubiri tangu babu zetu. Nikatia.

Jasper hakusema lolote kwenye mkutano ule. Alikaa ameinamisha kichwa, na kura ilipopigwa alinyoosha mkono pamoja na wengine. Nakwambia hivyo ujue tu.

Sina haki ya kukushauri. Lakini nakusihi usimwite Cynthia mtoto wa dhambi kwa sababu ya kosa langu. Kaa nje ya kanisa siku ya harusi, mimi nitakuja nikae nje pamoja nawe. Tutasikia nyimbo kupitia dirisha.

Nijibu, hata kwa matusi.

Josiah

---

Tarasaa,
24 Agosti 2025

Mjomba Josiah,

Shikamoo. Najua utashangaa ni mimi. Mama amesema mkono unamuuma hawezi kuandika, na nikitaka akupigie kwa simu yangu anasema hakuna mtandao. Kwa hivyo naandika mimi, mwalimu wa chekechea, usicheke mwandiko!

Tulikukosa sana kwenye harusi. Mama alisema alikutumia ujumbe kwa simu ya jirani kwamba usihangaike, mambo yamekaa sawa, na kweli yalikaa sawa. Kanisa lilijaa mpaka nje. Mama alivaa leso yako ya kunde, akanishika mkono wa kulia, baba akanishika wa kushoto, tukaingia. Sijawahi kuwaona wamesimama pamoja maisha yangu yote. Nililia mpaka poda ikaisha.

Nilikuwa nimeogopa atagoma Jumapili ile ya kutubu. Ilikuwa tarehe kumi. Alisimama vizuri, akasema yale ya kwanza. Alipofika pale pa kunitaja mimi akanyamaza. Kimya, Mjomba! Mchungaji akamkumbusha maneno, bado kimya. Wakwe zangu wamekaa benchi la pili, nilitamani ardhi ipasuke. Nikamwambia kutoka nilipokaa, "Sema tu, Mama, mimi sijali." Akanitazama. Halafu akasema haraka haraka, akaketi. Mzee mmoja akamwomba arudie kwa Kipokomo kwa ajili ya mabibi wasiosikia Kiswahili. Mama akamjibu, "Kiswahili kinatosha." Watu wakaangua kicheko, na mimi nikacheka. Unamjua Mama na ukali wake.

Kumbe ilikuwa rahisi hivyo! Miaka yote hiyo angeweza kusema akarudi ndani na watu. Ni maneno tu. Nilimwambia hivyo jioni ile tukisonga ugali, akasema, "Haya, mwanangu."

Sasa nimehamia rasmi kwa mume wangu hapa Tarasaa, nyumba ina stima, karibu sana. Wanasema uzinduzi wa Biblia yenu utakuwa Desemba. Tutakuja wote kukupigia vigelegele.

Mpwa wako,
Cynthia

---

Golbanti,
14 Septemba 2025

Josiah mdogo wangu,

Mkono hauumi. Nilikosa la kuandika.

Nilikukataza kuja kwa sababu ungekuja ningekaa nje na wewe, na Cynthia angeingia na mkono mmoja mtupu. Hasira nilikuwa nayo, nakiri, imepungua. Mkono wako ulibaki juu peke yake, hilo nimeliweka moyoni.

Harusi ilikuwa nzuri. Nilipata nilichotaka, nilisimama karibu naye mpaka mwisho. Jasper aliniuliza kwa sauti ndogo kama nimechoka, nikamwambia sijachoka. Hayo tu.

Acha nikwambie la Jumapili ile, maana sina mwingine wa kumwambia. Niliponyamaza pale mbele nilikuwa nimeamua kutosema. Nilikuwa nageuka nitoke. Ndipo Cynthia akasema mimi sijali. Nikamwangalia usoni nikidhani anajikaza kwa ajili yangu, kama mtoto anavyosema hakuumia. Hakuwa anajikaza, Josiah. Alikuwa anaona aibu ya wakwe tu, lile neno lenyewe halikumgusa. Alishalizoea. Wameshamwita mtoto wa uasherati shuleni, wamemwita hivyo kwenye kwaya, amekua nalo kama mtu anavyokua na jina la utani, na mimi nimekaa nyumbani na ufagio wangu nikidhani halijamfikia. Hakuna aliyeniambia. Yeye naye hakuniambia, pengine alidhani ananilinda mimi.

Kama mwenye kulindwa halitaki lindo, mimi ninagoma kwa ajili ya nani? Nikasema, nikaketi.

Waliponiambia nirudie kwa Kipokomo nikakataa, wakacheka. Wacha wacheke. Kwa lugha yetu sikumwita hivyo, na sitamwita mpaka nizikwe. Ila kitabu kitatoka, atakisoma mwenyewe, na atakayekuwa amelisema neno lile hapo ni wewe. Sikwambii ili uumie. Nakwambia kwa sababu ni hivyo.

Sasa nimerudi ndani. Wananiita kwenye Meza ya Bwana, nakwenda, natoka. Kina mama wamenipangia wimbo wa siku ya uzinduzi, nimekubali, nitaimba. Cynthia huja akipata nafasi, ana furaha, ananenepa, anaongea Kiswahili na mumewe na kwa mazoea anaongea Kiswahili na mimi pia. Mimi namjibu hicho hicho, nisimchoshe.

Ukija Desemba na hao wageni wako, waache Garsen upitilize mpaka hapa. Usinisomee kitu. Ingia ndani, ukae, tuongee Kipokomo mpaka jioni, habari za ndege na mpunga na Mama alivyokuwa. Nyumba imenyamaza sana, Josiah. Nikikohoa najisikia mwenyewe.

Dada yako,
Teresia